Swabu ya mtoto hadi jibu la PCR: kwa mnaoanza kazi ya maabara

Wanafunzi wa fildi wakiingia maabara yetu hapa pwani, macho yao huenda moja kwa moja kwenye mashine ya PCR, ile inayozidisha vinasaba vya kirusi mpaka vionekane. Mimi huwarudisha kwanza wodi ya watoto. Mashine ina kazi nyepesi kuliko zetu zote: inajibu ulichoiuliza, kwa kile ulichoiletea. Ukiiletea swabu iliyoishia mlangoni mwa pua itakwambia "hakuna kirusi", na itakuwa imesema kweli kuhusu ile swabu, huku mtoto ana RSV, kirusi cha njia ya hewa kinachobana vifua vya wachanga, ya kuambukiza wodi nzima.

Nawaandikia wenzangu wa maabara na manesi wanaotuchukulia sampuli. Mzazi anayepita hapa naye asome, hasa nitakapofika kwenye maana ya majibu.

Kwanza uliza jibu litafanya kazi gani

Mtoto wa miaka mitatu ana mafua, anakohoa, lakini anakula na kukimbiza kuku uani. Huyo hahitaji kipimo cha vinasaba. Atapona, na jibu litamkuta ameshasahau. Kipimo kina maana kwa mtoto aliyelazwa kwa kubanwa kifua, kwa mchanga wa wiki chache aliyeacha kunyonya au anayekatiza kupumua, kwa mwenye tundu la moyo, sikoseli au VVU, na mafua yanapoingia wodi ya njiti. Hapo jibu linaamua mambo: nani alazwe karibu na nani, nani apewe oseltamivir, dawa ya kirusi cha influenza, kwa kuwa anacho, na kama daktari anaweza kupunguza antibiotiki akiangalia pia hali ya mtoto mwenyewe.

Matibabu hayasubiri PCR hata siku moja. Hesabu pumzi dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni za kasi; miezi 2 hadi 11 ni 50; mwaka 1 hadi 5 ni 40. Kifua kikibonyea kwa ndani anapovuta hewa, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea, huyo ni wa daktari na oksijeni sasa hivi. Swabu itafuata.

Kwa nini basi tujisumbue? Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa watoto 1,005 wenye homa waliofika vituo vya afya Dar es Salaam na Ifakara. Zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, malaria ilikuwa kwa mmoja kati ya kumi hivi, na watoto saba kati ya kumi walikuwa na ugonjwa wa virusi. Ukikaa dirisha la dawa la kituo chochote msimu wa mafua, utaona chupa ngapi za amoxicillin, dawa ya bakteria na si ya virusi, zinaondoka na watoto wa aina hiyo.

Puani

Tumia swabu yenye kichwa cha nyuzi za nailoni na kijiti chembamba cha plastiki kinachopinda, saizi ya watoto. Swabu ya pamba yenye kijiti cha mti iache: mti hutoa kemikali zinazozima PCR. Za kalsiamu alginati nazo vilevile.

Sampuli nzuri hupatikana siku tatu nne za mwanzo wa dalili. Wachanga hutoa RSV kwa muda mrefu zaidi, wakati mwingine wiki kadhaa, kwa hiyo ukichelewa bado utampata. Kazi yako itakuwa kueleza kama kirusi ulichokikuta ndicho kinachomuumiza leo.

Vaa barakoa, glavu na kinga ya macho. Mtoto atakupigia chafya usoni, hilo halina mjadala. Kama ametoka kunyonya sasa hivi, subiri kidogo, vinginevyo atatapika. Aliye kwenye oksijeni usimvue mipira. Sogeza ya upande mmoja, fanya kazi, irudishe. Anayetokwa damu ovyo, au aliyeumia pua, muulize daktari kwanza.

Halafu zungumza na mama, maana yeye ndiye mshikaji wako. "Mama, mpakate, mgongo wake kifuani kwako. Miguu yake ibane katikati ya miguu yako. Mkono wako mmoja uzungushe mikono yake yote miwili, wa pili mshike kipaji." Mtoto akishikwa hivyo hapati nafasi ya kugeuza kichwa, na kichwa kinachogeuka ghafla ndicho kinacholeta damu. Akiwepo bibi, mweleze na bibi. Tangu enzi za korona wanauliza lilelile: mnamfikisha ubongoni? Nami hujibu: "Shikamoo bibi. Hapana, kati ya hapa na ubongo kuna mfupa. Hii inaishia nyuma ya pua, kule makamasi yanakoshukia kooni." Nesi akidharau swali hilo, kesho mama wa kitanda cha jirani anakataa.

Pima kwa macho umbali kutoka tundu la pua hadi tundu la sikio. Nusu yake ndipo unapokwenda. Kwa mchanga ni sentimita nne hivi. Shika kijiti kwa vidole pale kinapotakiwa kuishia, ili vidole vikigusa pua ujue umefika. Sasa angalia mwelekeo, ndipo wengi wanapokwama: njia ya pua haipandi kuelekea macho, inakwenda nyuma, sambamba na kaakaa. Ingiza taratibu bila kulazimisha. Ukikuta kizuizi kabla ya nusu, rudi nyuma kidogo, badili pembe, au hamia tundu la pili. Ukifika utahisi ukinzani laini. Zungusha polepole, acha sekunde tano hadi kumi nyuzi zinywe majimaji, kisha toa huku ukizungusha, na uitie kwenye kichupa chenye maji ya kusafirishia virusi. Machozi yakimtoka mtoto, umefika. Asipolia kabisa nina wasiwasi na swabu yako.

Kama vifaa vipo, pitisha swabu ya pili kwenye kuta za koo, nyuma ya kimio, bila kugusa ulimi, na uitie kichupa kilekile. Pua na koo pamoja hukamata zaidi kuliko pua peke yake.

Kata kijiti kwenye alama yake, funga kifuniko mpaka mwisho, na andika lebo palepale kitandani. Jina, namba ya faili, umri, tarehe na saa. Kwenye fomu jaza pia tarehe dalili zilipoanza. Nafasi hiyo ndiyo huja tupu kuliko zote, na ndiyo ninayoitafuta kwanza jibu likinitatiza.

Kichupa njiani

Maji ya kusafirishia virusi huwa na rangi ya waridi au nyekundu hafifu. Yakigeuka njano, au yakiwa na ukungu, bakteria wameshajenga humo. Tupa, chukua kingine. Angalia na tarehe ya mwisho wa matumizi, maana masanduku yaliyobaki tangu wakati wa korona bado yapo kwenye stoo nyingi.

Sampuli ikae nyuzi 2 hadi 8, kwenye friji au kwenye boksi la barafu, na ipimwe ndani ya saa 72. Ikizidi hapo, igandishwe nyuzi 70 chini ya sifuri au baridi zaidi. Friza ya kawaida isikudanganye, hasa ile inayojiyeyusha barafu yenyewe: kila inapopanda na kushuka joto, RSV inavunjika. Kama huna friza ya baridi kali, ni afadhali friji na gari la mapema.

Zinazotoka wilayani huja na basi, kwa hiyo zifungwe tabaka tatu: kichupa chenyewe, mfuko usiovuja wenye kitu cha kunyonya majimaji, na boksi gumu la nje lenye alama ya UN3373, ya kuonyesha kuwa ndani mna sampuli za kibiolojia. Fomu ikae nje ya mfuko. Nimepokea fomu zilizolowa mpaka jina halisomeki, na sampuli isiyo na jina haina mwenyewe.

Njia fupi: katriji

Vituo vingi vina GeneXpert ya kifua kikuu na havijui kwamba mashine hiyohiyo inapokea katriji ya virusi vya korona, influenza A, influenza B na RSV kwa mpigo mmoja. Kichupa kigeuze juu chini mara kadhaa, kifungulie ndani ya kabati la usalama wa kibiolojia, chukua mikrolita 300 kwa pipeti iliyokuja na pakiti, tia kwenye tundu la katriji, funga, scan, pakia. Katriji usiitikise wala usiandike juu ya msimbo wake. Jibu linatoka kwa dakika 36 hivi, na likiwa chanya kwa wingi laweza kutoka mapema zaidi. Ikisema kosa au jibu batili, rudia kwa katriji mpya kutoka sampuli ileile. Ikirudia kosa, omba swabu nyingine.

Kwa wodi ya watoto usiku, hii ndiyo njia. Panga mapema na wenzako wa TB, kwani nafasi za mashine ni zao pia.

Njia ndefu: PCR ya kuandaa mwenyewe

Ukitaka kutafuta orodha pana zaidi, yaani parainfluenza, metapneumovirusi, adenovirusi, rinovirusi na wengineo, au sampuli zikiwa nyingi, utaandaa mwenyewe. Hapa adui ni uchafuzi. PCR huzidisha kipande kimoja cha kinasaba mara mabilioni. Sahani moja (ile yenye visima vidogo vya kupimia sampuli) ikifunguliwa baada ya kupimwa, vipande hivyo vinaelea hewani, na kama harufu ya dagaa jikoni, kufuta meza mara moja hakuviondoi. Kesho kila mtoto ana influenza, hata maji matupu.

Kwa hiyo vyumba vitatu, au angalau kona tatu zenye pipeti zake, koti lake na kalamu yake: pa kuandalia vitendanishi, pa kutolea vinasaba, pa mashine. Mtu anatembea kwa mwelekeo huo tu. Ukishaingia chumba cha mashine, siku hiyo hurudi kule pa kuandalia. Ncha za pipeti ziwe na kichujio. Sahani iliyokwisha kupimwa haifunguliwi. Inatupwa imefungwa ndani ya mfuko.

Tuanze na kutoa vinasaba. Virusi vingi tunavyovitafuta vina RNA, ambayo huharibika upesi kwa vimeng'enya vilivyo hata kwenye ngozi yako, ndiyo maana glavu zinabadilishwa mara kwa mara. Sampuli inachanganywa na dawa ya kupasua kirusi yenye guanidini, inapitishwa kwenye kichujio cha silika au kushikwa na shanga za sumaku, inasafishwa, kisha RNA inashushwa na majimaji safi. Fuata vipimo vya kiti yako, yaani pakiti ya vitendanishi uliyonunua. Jambo moja ambalo kiti huandika kwa herufi ndogo mimi naliandika ukutani: USICHANGANYE JIKI NA GUANIDINI. Vikikutana hutoa gesi ya sumu. Taka za hatua hii zina ndoo yake, na ukimwagikiwa futa kwanza kwa maji na sabuni. Meza nyingine ndizo za jiki iliyozimuliwa moja kwa kumi, iache dakika kumi, halafu futa kwa alkoholi ya asilimia 70.

Masta miksi, yaani mchanganyiko wa vitendanishi vya PCR, iandae juu ya barafu. Hesabu sampuli pamoja na kontroli zako (visima vya kujikagua), ongeza moja kwa kila kumi, kwa kuwa pipeti hula kidogo. Kila virusi na kipande chake kinachotafutwa: influenza A kwenye jeni ya M, adenovirusi kwenye jeni ya hekzoni, rinovirusi kwenye ncha ya mwanzo ya RNA yake. Hiyo ya mwisho inafanana sana na ya enterovirusi, kwa hiyo vipimo vingi haviwezi kuwatenganisha, na ripoti iandikwe "rinovirusi/enterovirusi". Usimfanyie daktari hisani kwa kuchagua mmoja.

Weka kontroli tatu kila safari. Maji yaliyopita hatua zote tangu utoaji wa vinasaba yatakwambia kama umechafua. Maji yaliyoingia kwenye masta miksi tu yatakwambia umechafulia wapi. Kontroli chanya itie mwisho kabisa, visima vingine vyote vikiwa vimefungwa, na chagua chanya dhaifu. Yenye nguvu nyingi ni hatari kwa jirani zake na haikuonyeshi kama kipimo kimeanza kuchoka.

Programu ya kawaida huanza na nyuzi 45 hadi 50 kugeuza RNA kuwa DNA, kisha nyuzi 95 kuamsha kimeng'enya, halafu mizunguko 40 hadi 45 ya kupanda na kushuka. Saa moja na nusu hadi mbili. Betri ya akiba ya mashine ipime ukiwa huna sampuli ndani, uchomoe umeme na uhesabu itakaa muda gani. Jenereta kuwaka kunachukua muda, na sekunde hizo chache zinatosha kuua kazi ya asubuhi nzima.

Kusoma mikunjo

Usianze na namba. Fungua picha ya mikunjo, yaani grafu ya mwanga unaoongezeka kila mzunguko. Chanya ya kweli inalala chini, inapinda, inapanda kwa kasi, kisha inatulia juu. Mstari unaopanda polepole kama mteremko ulionyooka tangu mzunguko wa kumi haujakata kizingiti (mstari wa mpaka wa chanya) kihalali, hata kama kompyuta imeupa namba.

Namba yenyewe, Ct, ni mzunguko ambao mkunjo ulivuka kizingiti. Ikiwa ndogo, vinasaba vilikuwa vingi. Tofauti ya 3.3 ni kama mara kumi. Lakini Ct ya 20 kwa mtoto huyu na 27 kwa yule usiitafsiri kuwa huyu ni mgonjwa zaidi. Pengine nesi wa huyu alifika nyuma ya pua na wa yule hakufika.

Hapo ndipo kontroli ya RNase P inapolipa. Ni jeni ya binadamu. Ikionekana, swabu iligusa seli za mtoto. Isipoonekana na virusi vyote vikawa hasi, hilo halikuwa jibu, ni swabu ya kurudiwa. Mimi huitazama hata inapokuwa ndani ya mpaka. Sampuli zote za zamu moja zikija na RNase P ya 33, 34, 35 wakati kawaida yetu ni chini ya 30, napiga simu wodini kuuliza nani alikuwa zamu, bila ugomvi, na kesho yake tunakwenda kushika swabu pamoja.

Chanya ya Ct ya 38 peke yake irudie tangu utoaji wa vinasaba, na angalia kisima cha jirani kilikuwa na nini. Jirani akiwa na 16, una jibu la kutilia shaka.

Kirusi kimekutwa. Ndicho?

Utafiti mkubwa wa nimonia kali ya watoto katika nchi saba, Kilifi nchini Kenya ikiwa mojawapo ya vituo, ulitoa matokeo yake makuu mwaka 2019. Walichukua swabu kwa wagonjwa na pia kwa watoto wazima wa maeneo yaleyale. Rinovirusi ilikutwa kwa wingi pande zote mbili. RSV ilijaa kwa wagonjwa na kuwa adimu kwa wazima, na ndiyo iliyoongoza, karibu theluthi moja ya nimonia zile.

Ukiliweka hilo kichwani, kusoma jibu kunabadilika. RSV, influenza, metapneumovirusi au parainfluenza kwa mtoto anayebanwa kifua: mshukiwa mkuu unaye. Rinovirusi peke yake: huenda, huenda sivyo, endelea kutafuta. Adenovirusi na bokavirusi hubaki puani wiki nyingi baada ya ugonjwa kwisha. Virusi viwili au vitatu kwa pamoja ni jambo la kawaida kwa walio chini ya miaka mitano. Na jibu chanya la kirusi halimwondolei mtoto bakteria. Akizidiwa daktari atatibu anachokiona, si karatasi yangu.

Mzazi, hapa ndipo pako. Ukiambiwa mwanao ana RSV, hakuna kidonge cha kuiua. Kuna oksijeni, maji au maziwa kidogo kidogo, na kumsafisha pua ili aweze kunyonya. RSV hutembea kwa mikono na hukaa saa kadhaa juu ya vitu vigumu, kwa hiyo sabuni kabla ya kumshika, na kikombe chake kiwe chake. Kilifi waliwahi kufuata kaya za vijijini, mwaka 2009 hadi 2010, wakichukua swabu kwa kila aliyemo nyumbani mara mbili kwa wiki, mgonjwa na mzima. Aliyekuwa akimletea mchanga RSV mara nyingi alikuwa kaka au dada yake mkubwa, na karibu maambukizi manne kati ya kumi hayakuonyesha dalili. Kwa hiyo wa shule akirudi, anawe kwanza, busu baadaye.

Ripoti

Andika kilichopimwa, maana "hasi" bila orodha haisemi ni hasi ya nini. "RSV: imegunduliwa. Influenza A, influenza B, korona: hazijagunduliwa. Sampuli: swabu ya pua na koo, siku ya 3 ya dalili. Ubora wa sampuli: unatosha." Ct weka pale tu daktari anapojua kuisoma. RSV au influenza kutoka wodi ya njiti, usingoje ripoti ichapishwe. Piga simu, andika uliongea na nani na saa ngapi.

Sampuli iliyobaki gawa kwenye vichupa viwili kabla ya kugandisha, ili Maabara ya Taifa ikihitaji kutambua aina ya influenza upeleke kimoja bila kuyeyusha cha pili. Lebo iandikwe kwa kalamu isiyofutika kwa alkoholi. Ijaribu kwanza kwenye kichupa kitupu: andika, acha ikauke, pitisha kitambaa chenye alkoholi.